Mwongozo kamili: kuweka batani ya kuthibitisha buking kwenye Google Sheets, kama tulivyofanya Shela

Haya, naandika hii kwa sababu nimeshaulizwa na watu watatu ndani ya muda mfupi, wawili wa hapa hapa Amu (Lamu) na mmoja yuko Malindi anapangisha vyumba, na swali ni lile lile: ile batani ya dada yako inafanyaje kazi? Nimechoka kueleza kwa sauti za WhatsApp za dakika saba saba, sasa nimekaa nikaandika yote, chukua kahawa yako usome taratibu.

Dada yangu ana nyumba ndogo ya wageni Shela. Kabla ya batani mambo yalikuwa hivi: mgeni akishalipa depoziti, dada anaandika kwenye daftari, halafu amtumie imeili ya kumthibitishia, halafu ampigie nahodha amwambie siku na saa ya kumpokea Manda, halafu amwambie wa jikoni. Mambo manne, na kila msimu moja linasahaulika, na mara nyingi lilikuwa ni lile la nahodha. Sasa we unajua uwanja wetu wa ndege uko kisiwa cha Manda, mgeni akishuka hakuna teksi ya kupanda, ni kuvuka maji tu. Boti ya kukodi ataipata ndiyo, lakini atakufikia amenuna, na mtu aliyenuna ndo anaandika rivyu ndefu.

Leo dada anatia tiki moja kwenye simu basi. Kalenda ya boti inajazwa, imeili inatoka, na shiti yenyewe inaandika kwamba imetumwa saa ngapi. Hatujanunua programu yoyote, ni Google Sheets na ile Apps Script inayokuja nayo bure, sehemu ya kuandikia kodi, yaani maagizo ya kompyuta (code).

Kwanza karatasi na kalamu

Najua unataka kuruka hapa uende kwenye kodi, usiruke bana. Chukua karatasi uandike kazi yako kama unamfundisha kijana mpya aliyeanza leo: kikitokea hiki fanya hiki, halafu hiki. Batani haina akili kukushinda, kama we mwenyewe hujui kazi inaanza wapi na inaishia wapi, utakuwa umeifanya fujo yako iende mbio tu.

Kwenye hiyo karatasi jiulize nani atabonyeza na atakuwa ameshika nini mkononi. Hili ndo limetubadilishia mpango mzima. Mi nilikuwa nafikiria leptopu, batani nzuri ya kijani pale juu, kumbe dada haigusi leptopu mpaka usiku, mchana kutwa yuko na simu. Na batani za kuchora kwenye Google Sheets hazifanyi kazi kwenye app ya simu, hazifanyi kabisa, unabonyeza kama unabonyeza picha ya ukutani. Nilimaliza jioni nzima kabla ya kulijua hilo.

Halafu jiulize ni taarifa gani lazima ziwepo kabla ya kubonyeza. Kwetu ni jina, imeili, na siku na saa ya kufika. Bila hizo batani ikatae.

La mwisho, na hili lizungushie duara: katika hizo hatua, ipi ukishaifanya huwezi kuirudisha? Kalenda ukikosea unafuta. Imeili ikishatoka imetoka. Kwa hiyo imeili iwe hatua ya mwisho siku zote, yale yanayofutika yatangulie. Ikikwama katikati utakuwa na kitu cha kufuta, badala ya mgeni mwenye imeili mbili zinazopingana.

Kuandaa shiti

Fungua Google Sheets kwa akaunti ya biashara, si ya mfanyakazi wala si yako ya nyumbani, sababu utaiona chini. Shiti ipe jina Buking. Mstari wa kwanza andika vichwa kwa mpangilio huu, maana kodi inahesabu kolamu kwa namba:

A Jina
B Simu
C Imeili
D Kufika
E Kuondoka
F Chumba
G Jumla
H TUMA
I HALI
J WhatsApp

Kolamu B ichague yote uende "Format", "Number", "Plain text". Usipofanya hivyo ukiandika 0722 sifuri ya mbele inaliwa. Ila namba ziandike kwa mtindo wa kimataifa, 254 kisha namba, bila alama ya kujumlisha wala nafasi, nitakwambia kwa nini tukifika kolamu J.

Kolamu D ndo yenye balaa, hapa tukae kidogo. Iwe na tarehe pamoja na saa, ichague uende "Format", "Number", "Date time". Halafu "Data", "Data validation", weka kanuni ya tarehe halali na uchague kukataa kisichofaa. Kwa nini nang'ang'ana? Kwa sababu sisi tunahesabu saa kwa Kiswahili na kompyuta inahesabu kivyake. Ndege ya saa nne asubuhi kijana anaandika 4:00, kompyuta inaelewa saa kumi alfajiri. Nahodha akapata ujumbe wa kwenda Manda saa kumi alfajiri, na yeye mtu mtiifu, kaenda! Saa nne ni 10:00, saa nane mchana ni 14:00, saa mbili usiku ni 20:00. Tumeandika kikaratasi tumekibandika pale mapokezi.

Na kuna lingine la wazee wetu. Kwetu siku inaanza maghribi, kwa hiyo mama akisema wageni wanakuja usiku wa Ijumaa anamaanisha ule usiku wa kuamkia Ijumaa, ambao kalenda ya simu inauita Alhamisi. Kijana wa mapokezi aliyesoma mji mwingine anaandika Ijumaa. Wallahi hili halina dawa ya kodi, dawa yake ni kuandika tarehe kwa namba na kumsomea mgeni tena tarehe hiyo hiyo kabla ya kutia tiki.

Kolamu H chagua seli kuanzia H2 kushuka chini, uende "Insert", "Checkbox". Hivyo visanduku ndo batani zetu. Vinafanya kazi kwenye simu, na tena kila kimoja kimekaa kwenye mstari wake, kwa hiyo kinajua ni cha mgeni yupi. Hilo la pili ni kubwa kuliko linavyosikika. Batani ya kuchora inaelea juu ya shiti, haijui mgeni, inabidi usome mshale uko mstari gani, na mtu akiwa amebonyeza seli nyingine kwa bahati mbaya, imeili inamwendea mgeni wa mwezi ujao.

Kodi yenyewe

Ukiwa kwenye kompyuta, nenda "Extensions", kisha "Apps Script". Inafunguka kurasa mpya yenye kodi kidogo ya mfano, ifute yote, ubandike hii:

```
function thibitishaBuking(e) {
  const shiti = e.range.getSheet();
  if (shiti.getName() !== 'Buking') return;
  if (e.range.getColumn() !== 8) return;
  if (e.value !== 'TRUE') return;
  const mstari = e.range.getRow();
  if (mstari === 1) return;

  const kufuli = LockService.getDocumentLock();
  if (!kufuli.tryLock(20000)) return;

  const hali = shiti.getRange(mstari, 9);
  try {
    const sasa = String(hali.getValue());
    if (sasa.indexOf('IMETUMWA') === 0) return;
    if (sasa.indexOf('INATUMWA') === 0) return;

    const d = shiti.getRange(mstari, 1, 1, 7).getValues()[0];
    const jina = d[0], imeili = d[2], kufika = d[3];
    const chumba = d[5], jumla = d[6];

    if (!jina || !imeili || !(kufika instanceof Date)) {
      hali.setValue('HAIJAKAMILIKA: angalia jina, imeili, tarehe');
      e.range.setValue(false);
      return;
    }

    hali.setValue('INATUMWA');
    SpreadsheetApp.flush();

    // kalenda kwanza, hii inafutika
    const mwisho = new Date(kufika.getTime() + 60 * 60 * 1000);
    CalendarApp.getDefaultCalendar()
      .createEvent('Boti Manda: ' + jina, kufika, mwisho);

    // imeili mwisho, hii hairudi
    const saa = Utilities.formatDate(kufika, 'Africa/Nairobi',
      'dd/MM/yyyy HH:mm');
    MailApp.sendEmail(imeili, 'Buking yako Shela',
      'Karibu ' + jina + ',\n\n' +
      'Chumba: ' + chumba + '\n' +
      'Kufika Manda: ' + saa + '\n' +
      'Jumla: KSh ' + jumla + '\n\n' +
      'Nahodha wetu atakungoja jetini.');

    hali.setValue('IMETUMWA ' + Utilities.formatDate(new Date(),
      'Africa/Nairobi', 'dd/MM HH:mm'));
  } catch (kosa) {
    hali.setValue('IMEKWAMA: ' + kosa.message);
  } finally {
    kufuli.releaseLock();
  }
}
```

Usiogope urefu, nusu yake ni ulinzi. Mistari ya juu inauliza: hii ni shiti ya Buking? ni kolamu ya nane? ametia tiki au ametoa? Kama sivyo inaondoka kimya. Lazima iwe hivyo kwa sababu kodi hii itaamshwa kila mtu anapoandika chochote popote kwenye faili.

Ile HALI ndo roho ya kitu chote. Toleo langu la kwanza halikuwa nayo. Intaneti ikawa nzito siku hiyo, dada katia tiki hakuona kitu, katoa, katia tena, katoa, katia. Mgeni kapata imeili tatu, kajibu kwa upole kabisa akiuliza kama amebukiwa vyumba vitatu. Sasa kabla ya kufanya lolote kodi inasoma HALI, ikikuta INATUMWA au IMETUMWA inarudi nyuma. Na lile kufuli linawafanya wawili wanaobonyeza kwa wakati mmoja wapange foleni, wa pili anangoja mpaka sekunde 20 halafu anakuta kazi imeshafanyika.

Ile `flush` nayo usiifute ukidhani haina kazi. Google Sheets inapenda kukusanya maandishi iyaandike kwa pamoja mwishoni, `flush` inailazimisha iandike INATUMWA pale pale.

Maneno ya imeili badilisha uyaweke kwa lugha ya wageni wako. Yule wa Malindi yake ameandika kwa Kitaliano, na ukiwa Malindi hiyo haihitaji maelezo.

Sasa bonyeza alama ya kuhifadhi. Usibonyeze "Run" pale juu kujaribu, utapata kosa jekundu linalosema haiwezi kusoma `range`, na watu wengi wanafikiri kodi imeharibika. Haijaharibika. Hii kodi inangoja kuambiwa seli gani imebadilika, ukiiwasha kwa mkono hakuna aliyeiambia kitu.

Kuunganisha tiki na kodi

Upande wa kushoto kuna alama ya saa, "Triggers". Triga ni kama bawabu, anaangalia shiti na likitokea jambo anaiamsha kodi. Bonyeza "Add Trigger", chagua `thibitishaBuking`, kisha "From spreadsheet", kisha "On edit". Pembeni kuna sehemu ya taarifa za kushindwa, iweke ikutumie mara moja, si kila siku wala kila wiki, mgeni aliyeko jetini, pale boti zinapofunga, hangoji wiki.

Ukihifadhi Google itakuuliza ruhusa, na itakutisha kidogo kwamba app hii haijathibitishwa. Ni kawaida kwa sababu mwandishi wa app ni we mwenyewe. Bonyeza "Advanced", kisha ile linki ya kuendelea, kisha ukubali. Ila usizoee, kodi ya mtu usiyemjua ikikuletea onyo hilo hilo, simama.

Kuna njia ya mkato utaiona kwingi, kwamba ukiita kodi yako `onEdit` inajiwasha bila kuweka triga. Kweli inajiwasha, lakini triga hiyo rahisi hairuhusiwi kutuma imeili wala kugusa kalenda, na ina sekunde 30 tu. Na mbaya zaidi ni kuiita `onEdit` kisha ukaweka na triga juu yake, hapo kila tiki inaamsha kodi mara mbili. Ipe jina lako mwenyewe umalize.

Sasa ile habari ya akaunti. Triga inafanya kazi kwa jina la aliyeiweka. Mi niliweka ya kwanza kwa akaunti yangu, wageni wakawa wanapokea imeili kutoka kwangu na wananijibu mimi, mtu ananiuliza kama chumba kina chandarua na mi niko kazini kwangu, sijui hata yuko chumba gani. Ingia kwa akaunti ya nyumba, weka triga huko, futa ile ya kwanza. Faida nyingine ni kwamba unaweza kufunga kolamu I kwa "Data", "Protect sheets and ranges" ili wafanyakazi wasiifute, na kodi bado itaiandika kwa sababu inatembea kwa jina la mwenye shiti.

Jaribu kabla hujawapa watu

Ongeza mstari wa uongo, imeili weka yako, tarehe ya kesho, tia tiki. Ngoja sekunde chache. HALI iandike IMETUMWA, imeili iingie, kalenda iwe na boti. Kisha fanya vitu vya kijinga kwa makusudi: toa tiki utie tena, acha jina wazi, andika "kesho" badala ya tarehe, tia tiki kwa simu. Mwambie na mtoto wa nyumbani ajaribu, watoto wanabonyeza vizuri kuliko mtaalamu yeyote.

Ikikwama nenda Apps Script, kushoto kuna "Executions", kila safari ya kodi imeandikwa hapo na kosa lake. Kama hakuna safari hata moja maana yake triga haikuwekwa. Saa zikitoka zimepishana, angalia sehemu mbili: "File", "Settings" kwenye shiti, na gia ya "Project Settings" kwenye Apps Script, zote ziwe saa za Nairobi.

Ukitaka kubadilisha kitu baadaye usichezee shiti ya kazi, fanya "File", "Make a copy". Kodi inakwenda na kopi lakini triga haiendi, kwa hiyo kopi haitamtumia mtu imeili mpaka uiwekee triga yake. Kwa majaribio ni salama, ila ukiamua kopi ndo iwe shiti mpya ya mwaka, kumbuka kuiwekea, sisi tulisahau na tiki zikawa zinatiwa bure bila kitu kutoka.

Kitu kingine kidogo: ukivuta visanduku kwa kidole kutia tiki kumi kwa mpigo, kodi haitafanya kitu, kwa sababu seli nyingi zikibadilika pamoja `e.value` inakuwa tupu. Mi nimeiacha hivyo hivyo kwa makusudi, sitaki mtu athibitishe wageni kumi kwa mtelezo mmoja.

Batani ya kuchora, mahali inapofaa

Sijasema batani za kuchora ni mbaya. Kwa mtu wa kompyuta, na kwa kazi isiyohusu mstari mmoja, ni nzuri sana. Yetu inaitwa WAGENI WA KESHO na anaibonyeza wa mapokezi jioni:

```
function wageniWaKesho() {
  const tz = 'Africa/Nairobi';
  const kesho = Utilities.formatDate(
    new Date(Date.now() + 86400000), tz, 'yyyyMMdd');
  const data = SpreadsheetApp.getActive()
    .getSheetByName('Buking').getDataRange().getValues();
  const orodha = data.filter(function (m) {
    return m[3] instanceof Date &&
      Utilities.formatDate(m[3], tz, 'yyyyMMdd') === kesho;
  }).map(function (m) {
    return Utilities.formatDate(m[3], tz, 'HH:mm') +
      '  ' + m[0] + '  ' + m[5];
  });
  SpreadsheetApp.getUi()
    .alert(orodha.join('\n') || 'Kesho hakuna mgeni');
}
```

Ibandike chini ya ile ya kwanza uhifadhi. Rudi kwenye shiti, "Insert", "Drawing", chora kiboksi, andika maneno, weka rangi, hifadhi. Kibonyeze, pembeni juu kuna vidoti vitatu, chagua "Assign script", andika `wageniWaKesho` tupu, bila mabano. Kuanzia hapo ukikibonyeza kinafanya kazi, na ukitaka kukihamisha itabidi ubonyeze kwa upande wa kulia wa mausi.

Tofauti na tiki: batani ya kuchora inatembea kwa jina la anayeibonyeza. Kila mfanyakazi ataulizwa ruhusa mara ya kwanza, na kama kodi inatuma imeili itatoka kwenye akaunti yake. Kwa orodha tu si neno. Kwa imeili za wageni, rudi kwenye tiki.

Maandishi ya batani yaseme kitendo. "OK" haimwambii mtu kitu, "TUMA UTHIBITISHO" inamwambia. Na kama kazi inatokea kila siku saa ile ile usiiwekee batani hata kidogo, weka triga ya "Time-driven" ifanye yenyewe. Hii ya wageni wa kesho dada alikataa isiwe ya saa, anataka mtu aisome kwa macho yake, na mi nikasema haya.

WhatsApp bila kodi

Kolamu J, seli J2, bandika hii uivute mpaka chini:

```
=HYPERLINK("https://wa.me/"&B2&"?text="&ENCODEURL("Karibu "&A2&", nahodha atakungoja jeti ya Manda"),"Mwandikie")
```

Ukibonyeza inafunguka WhatsApp ya mgeni na maneno yameshaandikwa, wewe unabonyeza kutuma. Ndo maana nilisema namba ianze na 254, au namba ya nchi ya mgeni, linki ya wa.me haitaki sifuri ya mbele wala alama ya kujumlisha wala nafasi. Kuna mtu aliniambia hii si otomatiki kamili kwa sababu bado unabonyeza kutuma. Sawa, lakini inafanya kazi kwenye simu, haina ruhusa wala triga, na mtu anapata nafasi ya kuongeza neno la kibinadamu. Kama una wageni wachache, anza na hii peke yake, hivyo vingine vitangoja.

Mipaka na mambo ya pesa

Akaunti ya Gmail ya kawaida inaruhusiwa kutuma kwa kodi kwa watu 100 kwa siku, na kila safari ya kodi isizidi dakika 6. Nyumba ya wageni haitafika huko, lakini ukitaka kuwatumia wateja wako wote matangazo ya Maulidi kwa batani moja, utagonga ukuta.

Yeyote mwenye ruhusa ya kuhariri shiti anaweza kuifungua Apps Script akaisoma na kuibadilisha. Kwa hiyo usiandike nywila humo, na usimpe kila mtu ruhusa ya kuhariri. Namba za pasipoti za wageni pia tumezitoa kwenye shiti hii, Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na hata bila sheria, mambo ya mgeni ni amana.

Watu wananiuliza kama batani inaweza kuomba malipo ya M-Pesa moja kwa moja kwenye simu ya mgeni. Inawezekana, Safaricom wana Daraja, huduma yao ya kuunganisha programu na M-Pesa, kwa kazi hiyo, lakini hiyo usiifanye kwa kufuata maandishi ya mtu mtandaoni kama mimi. Imeili ikienda mara mbili mnacheka, pesa ikiombwa mara mbili hakuna anayecheka. Mwite mtu anayejua akae na wewe. Na kurudisha pesa kwa batani, mi binafsi nakataa, hiyo iwe kwa mkono na kwa macho mawili.

Kama hutumii Google Sheets

Mawazo ni yale yale, vinabadilika vitufe tu. Excel ya kompyuta ina batani zake kwenye "Developer", unaiunganisha na makro na faili unalihifadhi kama .xlsm, ila faili hilo ukilituma kwa imeili, mwenzako makro zake zinaweza kuzuiwa kwa sababu za usalama. Airtable ina kolamu ya aina ya batani, kila mstari unapata yake, Notion nayo ina batani zake. AppSheet ya Google inaita "Actions", na ndo ningeiangalia kama watu wako wote ni wa simu na hutaki waione shiti yenyewe. Odoo nayo unaweza kuongeza batani juu ya fomu ikaamsha kazi.

Kokote uendako tafuta yale matatu: batani inajua iko mstari gani? ikibonyezwa mara mbili inafanyaje? inatembea kwa jina la nani? Ukishapata majibu hayo, kilichobaki ni kusoma menyu.

Sasa hivi tunahangaika na jikoni. Mpishi hataki simu, hataki kalenda, hataki kuambiwa na mashine, anataka aambiwe na mtu. Nimempa dada printa ndogo, orodha ya jioni inachapishwa kwenye karatasi, kijana anaipeleka kwa mkono na kumsomea. Mpishi anasema hivyo sawa.